Yah: Ubao Wenu Kumtanguliza Baba Mkubwa Mbele ya Harusi ya Wazazi Wake

Nyumbani kwa Mzee Beda Luambano,
Matogoro, Songea.
Jumatano, tarehe 31 Desemba.

Kwa Mkuu wa Kampuni ya Ubao Mpana,
Popote ofisi ilipo.

Ndugu Mkuu,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, habari za kazi. Naomba radhi kukuandikia siku ambayo watu wanajiandaa kwa mkesha wa mwaka mpya, lakini jambo langu lina tarehe, na tarehe yenyewe ni Jumapili hii.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane. Nimemaliza kidato cha nne mwaka huu na ninaishi na babu na bibi yangu. Ni mtumiaji wa ubao wenu wa kidijitali tangu wiki ya pili ya Desemba. Ningeweza kuwaandikia kwenye kile kisanduku chenu cha msaada, lakini kinapokea herufi mia tano tu, na salamu peke yake zilikuwa zimefika mia nne na kumi. Nilifikiria pia kuiandika barua hii kwenye ubao wenu na kuitoa kwa PDF. Nikaogopa isije ikaanza na hitimisho. Kwa hiyo nimeandika kwa mkono, na kila ukurasa nimeuwekea namba juu na chini.

Ubao wenu mnaujua, lakini barua hii huenda ikasomwa kwenye kikao cha familia, ambako wengi hawaujui, kwa hiyo naomba niueleze kidogo. Ubao Mpana ni kama ubao wa darasani, ila uko ndani ya kompyuta na hauna mwisho. Mtu anachora visanduku. Katika kila kisanduku anaandika anachotaka na kuweka picha, halafu anavikokota kwa kipanya na kuvipanga apendavyo. Akimaliza anabofya mara moja, na kila kisanduku kinageuka kuwa ukurasa wa PDF, tayari kwa kuchapwa. Sikuona mahali mlipoandika kwamba kurasa hazitafuata mpangilio wa visanduku. Sikuona pia mahali mlipoandika kwamba zitafuata. Nilitafuta.

Sasa naeleza kilichotokea.

Jumapili iliyopita, sikukuu ya Familia Takatifu, Babu Beda na Bibi Kunegunda waliadhimisha jubilei ya miaka hamsini ya ndoa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtoto wao wa kwanza, Baba Mkubwa Leodegari. Yeye ndiye anayenisomesha. Ndiye pia anayefundisha wachumba parokiani kila Jumamosi, huu ukiwa mwaka wake wa kumi na tisa. Mafundisho yake yana mada nyingi, lakini ukiwauliza waliopita kwake, wote wanakumbuka moja: kwanza pete, mengine baadaye.

Baba Mkubwa alinikabidhi kompyuta yake nitengeneze kijitabu cha historia ya wanajubilei. Alisema, "Kikitoka vizuri, Januari unaanza chuo cha kompyuta. Kikitoka vibaya, shangazi yako Severina yuko peke yake Nakapanya na meza yake ya korosho, anahitaji mtu."

Nakapanya ni kuzuri na Shangazi ananipenda. Lakini meza yake iko kando ya barabara kuu, na kazi yenyewe ni kukimbilia basi linaposimama na kuwaita abiria kwa sauti. Mimi, Ndugu Mkuu, niliwahi kukaa vipindi viwili vya hesabu bila kalamu kwa sababu kuomba nyingine kulitaka ninyooshe mkono. Shangazi amenipigia simu kunitia moyo. Amesema kuita watu ni mazoea, na kwamba yeye mwaka wa kwanza alikuwa anaita huku amefumba macho.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya.

Lalamiko la kwanza: mpangilio wenyewe.

Habari zote alinipa Bibi jikoni, siku nne mfululizo, akichambua mchele wa jubilei. Yeye anasimulia, mimi naandika moja kwa moja kwenye ubao wenu, kila habari na kisanduku chake. Bibi ana miaka sabini na miwili na husimulia kama anavyochambua mchele, anaanzia upande wowote wa ungo. Sikumkatiza. Alipomaliza ndipo nikavikokota visanduku na kuvipanga jinsi mambo yanavyotakiwa kwenda. Kushoto kabisa jalada. Kisha Siku ya Mwavuli. Kisha Posa. Kisha Ndoa. Kisha Mtoto wa Kwanza, kwa sababu Bibi alitaka awe na ukurasa wake. Kisha Tumbaku na Watoto Wengine, yaani miaka yao ya kulima tumbaku. Kisha Shukrani. Visanduku saba, mstari mmoja, vimenyooka kama wanafunzi mbele ya mwalimu wa zamu.

Siku ya Mwavuli niliitanguliza kwa sababu ndiyo siku waliyokutana. Bibi hakutaja mwaka, na mimi sikuuliza, maana bibi haulizwi mambo kama hayo. Lakini ni wazi kwa mtu yeyote. Kuna mvua, kuna mwavuli mmoja, kuna watu wawili wanatembea na hakuna anayesema neno. Hao ni watu wasiofahamiana.

Bibi alisema pia kwamba Baba Mkubwa alizaliwa mahindi yakivunwa. Cheti cha Baba Mkubwa kinasema Oktoba 1976. Oktoba hapa kwetu hakuna mahindi ya kuvuna, watu wanasafisha mashamba. Nikaona ni uzee, nikaandika "wakati wa mavuno" bila kutaja ya nini, ili nisimwaibishe Bibi.

Nataja haya mjue jinsi nilivyojitahidi. Kwenye ubao kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilikitazama mara tisa. Nikabofya. PDF yenu ikatoka hivi: Mtoto wa Kwanza. Posa. Ndoa. Tumbaku na Watoto Wengine. Siku ya Mwavuli. Shukrani. Jalada.

Mtaniuliza kwa nini sikuifungua PDF nikaitazama. Nilikuwa nimeutazama ubao mara tisa, nikaona kuitazama na PDF ingekuwa kama kutowaamini.

Mtaniuliza pia kwa nini sikuweka namba za kurasa. Mlinipa maua ya pembeni mazuri mno. Namba ingekaa juu ya ua.

Lalamiko la pili: kumpa Tadei nafasi.

Kijitabu nilikipeleka Bombambili kwenye steshenari ya Dada Zulfa, na nakala mia moja na ishirini zikatoka Jumapili asubuhi moja kwa moja kwenda ukumbini zikiwa bado kwenye boksi. Baadaye nilikwenda kumuuliza kama hakuona chochote. Alisema, "Mdogo wangu, mimi nachapa kilichomo. Nikianza kufikiria, foleni haiishi." Kwa hiyo Dada Zulfa hahusiki, na naomba asitajwe.

Kwetu historia ya wanajubilei husomwa kwa sauti na mshereheshaji kabla ya chakula, watu wakifuatilia kwenye vijitabu. Mshereheshaji wetu, Tadei, ana sauti nzuri na suti ya kijani inayong'aa. Hana tabia ya kukipitia kitu kabla hajakisoma mbele za watu. Tena ana mazoea ya kuunganisha kurasa kwa maneno yake mwenyewe ili wasikilizaji wasichoke. Kwenye kijitabu changu hakuna mahali palipoandikwa "baada ya hapo". Hayo ni ya Tadei.

Aliwaomba watu wote wafungue ukurasa wa kwanza. Wakafungua. Akasoma: "Mungu akawajalia mtoto wa kwanza, wa kiume, wakamwita Leodegari. Alizaliwa wakati wa mavuno, akiwa na nywele nyingi." Watu wakapiga makofi, kwa sababu ukumbini kwetu mtoto akitajwa hupigiwa makofi. Baba Mkubwa akasimama, akainama kidogo, akakaa. Tadei akafunua ukurasa, akasema: "Baada ya hapo, ndugu zangu, kijana Beda akaona hili jambo haliwezi kuendelea hivi. Akatuma mshenga!"

"Haliwezi kuendelea hivi" pia sikuandika mimi.

Makofi hayakuja. Kulikuwa na kimya cha watu wanaohesabu miezi kwa vidole chini ya meza. Mama mmoja wa kwaya akasema "Ehee!", si kwa sauti kubwa, lakini ukumbi wetu una mwangwi. Tadei akadhani anashangiliwa, akazidisha sauti. "Na hatimaye ndoa takatifu, tarehe ishirini na nane Desemba, mwaka sabini na tano!" Ikaja tumbaku, wakaja watoto wengine wanne. Kisha: "Na baada ya miaka yote hiyo, wapendwa, mvua ikanyesha, Beda akamshikia Kunegunda mwavuli, wakatembea hadi nyumbani bila kusema neno." Zikafuata shukrani, na watu wakainuka kwenda kunawa mikono. Hapo Tadei akafika kwenye jalada, ambalo lilikuwa la mwisho, akalisoma lote kama lilivyo, pamoja na neno "Karibuni", na watu wakarudi kukaa na mikono inadondosha maji.

Mimi nilikuwa nyuma ya spika kubwa ya kwaya. Nilibaki hapo hadi spika ilipochukuliwa.

Lalamiko la tatu: kuvuruga mafundisho ya wachumba.

Mwezi wa tano Baba Mkubwa aliwasimamisha mafundisho Leticia na mchumba wake, kwa sababu hali ya Leticia ilikuwa imeanza kuonekana. Aliwaambia wasubiri mwaka mmoja wakitafakari. Leticia alikuwepo ukumbini Jumapili, mtoto mgongoni, na aliomba nakala tatu. Jumatatu saa mbili asubuhi wazazi wake walikuwa kwa paroko na kijitabu kimefunguliwa ukurasa wa kwanza. Waliomba binti yao aendelee pale alipoishia, na kama inawezekana mwalimu awe yuleyule.

Paroko aliwasikiliza vizuri. Aliomba abaki na nakala moja.

Lalamiko la nne: kusambaa.

Dada Zulfa hubana vijitabu kwa pini mbili, na pini zake haziondoki bila kuchana karatasi. Nilijaribu kwa nakala sita. Hata hivyo nyingi zilikuwa zimeshaondoka na wageni. Nakala ziko Mbinga, Namtumbo na Dar es Salaam. Moja ameichukua sista mmoja wa ukoo wetu, ambaye amesema ni nzuri na ataiweka maktaba. Niliyoitegemea kubaki safi ni ya Babu, kwa kuwa Babu hasomi sana, lakini nimeikuta amekunja pembe ya ukurasa wa mwavuli. Sasa kijitabu chake kinafunguka chenyewe hapo, mahali ambapo si mwanzo wala mwisho.

Lalamiko la tano: afya ya Bibi.

Tadei alipotaja mshenga, Bibi alianza kucheka. Alicheka hadi akina mama wawili wa jumuiya wakaanza kumpepea kwa vijitabu vyenyewe. Nimesoma kwamba mshtuko unaweza kumfanya mtu acheke. Leo ni siku ya tatu na bado hajapona. Anaweza kuwa anakoroga uji, kimya kabisa, mara anasema peke yake, "Haliwezi kuendelea hivi," na anaanza upya. Tumefikiria kumpeleka hospitali. Amekataa. Amesema hajawahi kujisikia vizuri namna hii tangu ahame Namtumbo.

Lalamiko la sita ni langu binafsi, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Jumatatu jioni Baba Mkubwa aliniita sebuleni. Hakufoka. Ingekuwa afadhali.

"Kasiana, mimi nilikupa kompyuta yangu," alisema. Nikasema ndiyo, Baba Mkubwa. "Nikakupa na picha za wazazi wangu." Nikasema ndiyo. "Sasa hebu niambie, mimi nimezaliwa lini?" Nikasema Oktoba sabini na sita, kama cheti kinavyosema. "Na kijitabu kinasema lini?" Nikasema kijitabu kinasema ukurasa wa kwanza.

Nikajaribu kumweleza kuwa si mimi, ni PDF. Akatikisa kichwa. "PDF haijui mambo ya watu, Kasiana. Lazima kuna mtu ameiambia."

Jumapili hii, baada ya misa ya pili, kuna kikao cha familia. Ajenda ni moja, nayo ni mimi. Jumatatu alfajiri kuna basi la Tunduru, njia ya kwenda Nakapanya. Begi langu tayari limefungwa na liko juu ya kabati. Nimejaribu kufanya mazoezi ya kuita korosho nikiwa shambani peke yangu. Sauti imetoka mara mbili, na mara ya pili jirani akaitika "Abee", nikajificha kwenye migomba.

Kwa sababu hizo zote, Ndugu Mkuu, ninaomba kampuni yako ifanye yafuatayo kabla ya Jumapili.

Kwanza, muandike barua yenye muhuri, mkikiri kwamba kurasa zilipangwa na ubao wenu na wala si mimi. Muhuri uwe wa mviringo. Kwenye familia yetu muhuri wa mraba hauaminiki sana tangu suala la kiwanja.

Pili, kwa kuwa barua hiyo itabidi isomwe kikaoni, na mimi siwezi, mtume mwakilishi mwenye sauti. Asiwe Tadei. Atalala kwetu, chumba kipo, ni kile ninachokihama.

Tatu, muibadilishe programu yenyewe ili mambo haya yasimpate mtu mwingine. Nimefikiria namna. Ubao ukiona neno "mtoto" limekuja kabla ya neno "ndoa", usitoe PDF. Usimame na kumuuliza mtumiaji kama ana uhakika. Akisema anao, umuulize tena kama mwenyekiti wa kamati anajua. Naamini hili litasaidia familia nyingi duniani na halitaonekana kama kuingilia mambo yao.

Nne, mwakilishi akishafika azipitie nakala zote, akianzia ile ya paroko, halafu Mbinga, halafu ya maktaba. Ya Leticia aende nayo taratibu.

Tano, mumpe Baba Mkubwa cheti kidogo kinachothibitisha kwamba alizaliwa baada ya harusi. Najua ninyi si ofisi ya kusajili vizazi. Lakini mbele ya watu mia moja na ishirini aliyemtanguliza ni ninyi, kwa hiyo anayeweza kumrudisha nyuma ni ninyi.

Sita, na hili ndilo ombi kubwa. Nimeona kwamba kila baada ya muda mnatoa toleo jipya, na mnaandika kwamba limerekebisha makosa ya nyuma. Hamsemi nyuma mpaka wapi. Naomba toleo lijalo lirekebishe mpaka mwaka 1975.

Nikipata hayo sitadai fidia. Nitaendelea kuutumia ubao wenu chuoni na nitausema vizuri kwa wenzangu, wale ninaoweza kuongea nao, ambao ni wawili.

Nisalimie wafanyakazi wote wa Ubao Mpana, pamoja na yule aliyeandika sehemu ya PDF. Mwambie simchukii, pengine naye alipewa kazi na mtu mkubwa akaona haya kuuliza. Wasalimie walinzi na anayewapikia chai. Kama bibi yako yupo, mpe shikamoo yangu, na umwombe akusimulie habari zake taratibu, moja baada ya nyingine, kuanzia mwanzo. Babu anasalimu. Bibi pia anasalimu, ila sikumwambia ni barua ya nini.

Ni mimi, ninayesubiri majibu yenu nikiwa nimeshafunga begi,

Kasiana Luambano.

Nyongeza.

Bahasha nilikuwa nimeshaibandika, nimeifungua tena. Samahani kwa mchaniko.

Mchana huu nilirudi kwenye ubao kuupiga picha kwa ajili ya ushahidi. Kipanya kikateleza hadi pembeni kushoto, na hapo pakafunguka kidroo ambacho sikuwahi kukiona. Ndani yake kulikuwa na kurasa zangu saba, zimepangwa kwa namba, na juu yake mmeandika vizuri kabisa kwamba kurasa hufuata mpangilio ambao visanduku viliundwa, na mtu akitaka kuubadilisha akokote. Nilikokota. Ilikuwa kazi ndogo kuliko kupiga chafya. Kwa hiyo lalamiko la kwanza nalifuta, na naomba radhi kwa yale niliyosema kuhusu maua.

Lakini zile namba zilinishika. Moja hadi saba zilikuwa ni vilevile alivyonisimulia Bibi jikoni, habari kwa habari, na jalada nililolichora mwenyewe mwishoni. Nikambebea kompyuta, nikamwonyesha. Nikamwomba radhi kwamba ubao ulikuwa umeshika alivyokosea badala ya nilivyomsahihisha.

Bibi alifuta mikono kwenye kanga, akapitisha kidole juu ya kurasa moja moja.

"Nimekosea wapi?" akasema. "Leodegari alikuja mwezi wa sita, mahindi yamejaa uani, hakuna hata pa kuweka mkeka. Ndipo babu yako akapata akili, akatuma mshenga. Desemba tukafunga ndoa. Halafu tumbaku, halafu wenzake wanne. Mimi nilikwambia ilivyokuwa, mjukuu wangu. Aliyenipangapanga ni wewe."

Nikamuuliza, na cheti cha Baba Mkubwa? Akasema cheti kiliandikwa na mtu mwenye haya, kama mimi.

Nikamuuliza, na mwavuli?

"Mwavuli ni mwaka juzi. Tunatoka kliniki ya macho. Miaka arobaini na minane huyu mzee anatangulia na mimi nalowa nyuma yake. Siku hiyo akasimama, akageuka, akanirudia."

Babu, ambaye nilidhani amesinzia kwenye kiti chake, akasema, "Mwavuli ulikuwa mpya."

Bibi alivaa viatu akaenda mwenyewe kwa Baba Mkubwa. Walifunga mlango, kwa hiyo sijui walichozungumza. Saa kumi Baba Mkubwa alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, karibu kama yangu. Hakutaja Nakapanya. Aliuliza kama PDF yenu inaweza kuwekewa namba za kurasa, kwa sababu Bibi anataka nakala hamsini zaidi, kwa mpangilio uleule, isipokuwa jalada lije mbele. Akauliza pia kama ninajua siku ambayo chuo kinafungua, maana karatasi yenye tarehe ameipoteza. Kisha akaniomba namba ya Leticia.

Nilikwenda chumbani kulifungua begi, nikakuta halipo. Nguo zangu ziko kitandani. Bibi amelichukua kurudishia vijiko vya jumuiya.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, mwakilishi asisumbuke, na muhuri tunashukuru. Lile toleo jipya naomba msilitoe. Mwaka 1975 uacheni kama ulivyo.